Raba za Dirisha na Daftari la Ami Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Maskati



Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya yetu, Bi Mkubwa wetu, wazee wetu mliokaa mbele, mashangazi na wajomba, ndugu zangu mliotoka Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Dubai, Uingereza, Denmark, Ufaransa na Kanada, na nyinyi watoto wetu ambao baadhi yenu mmeonana leo kwa mara ya kwanza!

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, na naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa. Kamati ilinitaka niseme maneno machache juu ya kuhifadhi mali ya wazee. Nilipotafakari niliona kwamba juu ya nasaba, hati za mashamba na nyumba zetu za Mji Mkongwe wapo miongoni mwenu wanaojua kunishinda. Kwa hiyo nikaomba ruhusa nizungumze juu ya kitu kidogo sana, nacho ni raba ya dirisha la gari. Najua wapo watakaocheka, na sina neno nao. Lakini nawaomba wanisikilize mpaka mwisho, kwani kwa ajili ya raba hiyo ukoo huu ulipoteza kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha, na aliyesababisha hasara hiyo ni mimi ninayesema nanyi.

Gari yenyewe mmeiona asubuhi ya leo mlangoni. Ni Peugeot 404 ya marehemu ami yetu. Aina hii ya gari ilianza kuuzwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, na Wafaransa waliendelea kuitengeneza kwao mpaka mwaka 1975. Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sifa zake. Katika yale mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, gari ya 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam. Ami yetu wakati huo alikuwa karani katika mji huo huo, baada ya kuhama Unguja kufuatia mambo ya mwaka 1964, na alizoea kutuambia kwamba siku ile redio ilipotangaza ushindi, aliweka nadhiri moyoni kuwa akijaaliwa kununua gari, hatanunua nyengine.

Alijaaliwa akiwa Kuwait. Mwaka 1970 alinunua gari hii mkononi mwa mtu, usukani ukiwa kushoto kama ilivyo desturi ya Ghuba. Mwaka huo huo, tarehe 23 Julai, Sultan Qaboos alishika hatamu za nchi hii, na Waomani waliotawanyika wakaitwa warudi kuijenga. Ami yetu akaitika. Mwaka 1972 aliileta gari yake kwa meli mpaka Matrah. Bandari ya Mina Qaboos ilikuwa haijafunguliwa, kwani ilifunguliwa mwaka 1974, na shehena ilishushwa kutoka melini kwa matishari. Bi Mkubwa, Mungu amzidishie umri, anakumbuka alivyosimama pwani akiitazama gari ya mumewe ikiyumba juu ya tishari huku yeye akisoma kila dua aliyoijua. Na gari ilifika katika nchi ambayo, miaka miwili tu kabla yake, barabara ya lami haikuzidi kilomita 10 hivi.

Kuanzia hapo, ndugu zangu, gari hiyo haikuwa ya ami yetu peke yake. Kila aliyekuja Maskati katika sisi alipokelewa nayo. Waliotangulia walipokelewa katika uwanja wa ndege wa zamani wa Bait al Falaj, na baada ya mwaka 1973 katika uwanja mpya wa Sib. Nami ni mmoja wao. Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nimekaa kiti cha nyuma baina ya mashangazi wawili, pua yangu kwenye kioo, nikiyashangaa majabali yasiyo na mti.

Na ndani ya sanduku la dashibodi ami yetu aliweka daftari dogo la jalada jeusi. Kila alipompokea mtu aliandika kwa mkono wake jina lake, siku aliyofika, mji aliotoka na mzigo aliokuja nao. Nilipata kulisoma. Mmoja alikuja na sanduku moja na mkeka. Mwengine alikuja na mbuzi ya kukunia nazi na taa ya chemli. Mwengine, aliandika, "hakuja na kitu ila mtoto." Kwa muda wa miaka kumi na tano hivi aliandika, na sidhani kama alijua kwamba anaandika tarikhi yetu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ami yetu alipoacha kuendesha, gari iliwekwa nyumbani kwetu Khuwair chini ya mwarobaini, na funguo nikakabidhiwa mimi. Mwaka 1998 niliona kwamba raba ya kioo cha mbele imepasuka pembeni, na nyufa nyengine zimeanza kwenye raba za milango. Ami yetu naye aliliona, akaniambia, "Mwanangu, tafuta raba, mvua ikija maji yataingia." Nikamjibu, "Inshallah ami." Na nyote mnajua jinsi sisi tunavyolitumia neno hilo tukufu pasipo mahali pake. Mvua ya Maskati ni haba. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Ami yetu akafariki mwaka 2003, Mwenyezi Mungu amrehemu, na raba ni ile ile.

Mwanzoni mwa Juni 2007 kikaja kimbunga cha Gonu. Wakaazi wa Maskati hawahitaji kusimuliwa. Mabonde yalijaa, barabara zilikatika, na nyumba za watu ziliingiliwa na maji. Sisi nyumba yetu ilikuwa juu kidogo na mafuriko hayakutufikia, tukashukuru. Kila mtu alishughulika na jamaa aliopatwa, na gari haikukumbukwa na yeyote. Baada ya wiki tatu nilifungua mlango. Mvua iliyopigwa na upepo ilikuwa imepita kwenye ule ufa wa pembeni, ikateremka nyuma ya dashibodi na kujaa ndani ya lile sanduku. Daftari lilikuwa limevimba kama mkate uliotiwa majini. Wino ulikuwa umeyeyuka. Katika kurasa 62 zilizoandikwa, tulizoweza kuzisoma baada ya kuzikausha moja moja ni 23. Zile 39 zimekwenda. Hilo ndilo nililotaka kuliungama mbele yenu, kwani wengi mlijua kwamba daftari limeharibika na Gonu, na mimi niliwaacha mkaamini hivyo. Ukweli ni kwamba kimbunga kilileta maji, lakini mlango wa kupitia nilikiachia mimi kwa miaka tisa.

Baadaye pakazuka hitilafu baina ya warithi juu ya gari yenyewe. Sitaichimba, kwa kuwa Alhamdulillahi imekwisha, na waliokuwa wakibishana leo wamekula sinia moja. Wapo waliosema iuzwe kila mtu apate fungu lake la sharia, na walikuwa na haki. Wapo waliosema haiuzwi. Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyekata shauri mwaka 2022, akasema maneno mafupi: "Itengenezwe kwanza. Kitu kibovu hakigaiwi." Warithi wote wakaridhia, na kazi ya kutafuta raba nikapewa mimi, kama adhabu, ingawa shangazi hakulitumia neno hilo.

Ndugu zangu, injini ilikuwa kazi nyepesi kuliko nilivyodhani, na rangi ilikuwa suala la fedha tu. Kazi ilikuwa ni raba. Nilianza Wadi Kabir, nikaenda Ghala, duka baada ya duka. Kila mwenye duka alinionyesha raba nzuri zinazouzwa kwa mita, akaniambia zinaingia kila gari. Nikanunua. Raba ya mlango ilikuwa nene mno, mlango ukawa haufungi ila kwa kupigwa teke. Ile ya kioo cha mbele haikukubali kona. Iliponyooka ilikuwa sawa, ilipopinda ikafanya mikunjo. Tulipoimwagia maji ilivuja kuliko ya zamani.

Nikasafiri mpaka Sharjah, kwenye yale maduka ya spea za gari kuukuu yanayojulikana Ghuba nzima. Huko nilipata raba halisi ya 404, ndani ya karatasi yake, haijaguswa. Nilifurahi kama aliyeokota lulu. Nilipofika nyumbani na kuikunja, ikavunjika kama ukuni mkavu. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo fundi yeyote angeliniambia lau ningeuliza: raba huzeeka hata isipotumika. Joto la ghala huikausha, na hewa ya ozoni huipasua, hasa pale iliponyooshwa au kukunjwa. Miaka 40 kabatini ni miaka 40.

Hapo nikawaandikia nyinyi. Wengine mtakumbuka ujumbe wangu mrefu ulioingia simuni mwenu usiku. Nilimwomba kila mmoja aulize mahali alipo. Na hapa nataka kutoa shukurani kwa mpango wake.

Mtoto wa shangazi aliyeko Denmark ndiye aliyetufundisha kupima. Alisema tusitafute kwa jina la gari tu, bali tukate kipande cha raba ya zamani upana wa kidole, tukiweke juu ya karatasi, tukichore kwa kalamu kali, kisha tupime kila sehemu kwa kalipa: unene wa kioo inachoshika, unene wa bati inalolishika, kina cha kila mfereji na urefu wa mdomo. Kwani raba ya kioo cha mbele ina mifereji miwili, mmoja wa kioo na wa pili wa ukingo wa bati, na ikikosea milimita moja ama haiingii ama haishiki.

Ndugu yetu wa Mombasa alitupatia fundi mzee aliyewahi kuzitengeneza 404 nyingi. Raba hakuwa nayo, lakini alitupa elimu ya kuitia, nami nitaieleza hivi punde.

Ndugu wa Uingereza alituletea raba ya kioo cha nyuma kwa gharama yake mwenyewe, na ikawa ni ya 404 ya familia, ile yenye mgongo mrefu, ambayo kioo chake cha nyuma si kama cha kwetu. Asione haya. Raba hiyo ndiyo tuliyoifanyia mazoezi.

Na binti yetu aliyeolewa Lyon, Ufaransa, ndiye aliyelimaliza jambo. Peugeot wana taasisi ya kuhifadhi urithi wao iitwayo L'Aventure Peugeot, yenye makumbusho huko Sochaux yaliyofunguliwa mwaka 1988, na wapenzi wa gari hizi nchini humo ni wengi na wana jumuiya zao. Binti yetu alipeleka ule mchoro wetu na vipimo vyetu kwa wapenzi hao, wakamwelekeza kwa wanaotengeneza upya raba hizi kwa mpira wa EPDM, ambao hustahimili jua na ozoni kuliko mpira wa asili. Alizileta mwenyewe ndani ya sanduku lake la nguo, zimezungushwa duara bila kukunjwa. Alipofika uwanja wa ndege nilimpokea, nikakumbuka kwamba mama yake alipokelewa na gari ile ile, naye alikuja na mzigo mmoja.

Sasa nieleze kuitia, kwani wapo vijana walioniuliza asubuhi. Tulipoitoa raba ya zamani tuliona kutu chini yake pande zote mbili za chini. Raba mbovu hunywa maji na kuyaficha, na bati huliwa pasipo mtu kuona. Fundi wetu wa bodi wa Wadi Kabir, mwenyeji wa Kerala, alikataa kutia raba mpya juu ya kutu hata siku moja. Alikata, akaunga bati jipya, akapaka rangi, kisha akatungojesha mpaka rangi ikauke barabara. Baada ya hapo raba ilivishwa kwenye kioo juu ya meza. Ndani ya ule mfereji wa bati ukalazwa uzi mwembamba wenye nguvu, pande zote, ncha zake mbili zikipishana chini katikati. Raba ikapakwa maji ya sabuni. Kioo kikapandishwa mahali pake, fundi akakaa ndani akiuvuta uzi taratibu, nami niko nje nikikisukuma kioo kwa viganja pale pale anapovuta, na mdomo wa raba ukawa unaruka juu ya bati kidogo kidogo kama unavyovua ganda la chungwa. Kazi hiyo haifanyiki na mtu mmoja. Aliye ndani hawezi kusukuma, na aliye nje hawezi kuvuta.

Kisha tulijaribu kwa mpira wa maji, tukianzia chini na kupanda juu, upande mmoja mmoja, na mwanangu yumo ndani na tochi. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi. Hakuna tone lililoingia.

Kwa mwenye gari ya zamani nyumbani kwake, iwe hapa au Unguja, nina nasaha nne tu. Kwanza, raba ya mlango usiinyooshe unapoitia, maana itarudi na kuacha pengo; ikate kwa kuzidisha kidogo, na kiungo ukiweke chini. Pili, usiipake mafuta ya gari wala mafuta ya mgando. Huilainisha leo na kuiharibu kesho. Tumia maji safi, na silikoni kidogo. Tatu, zibua vile vitundu vilivyo chini ya kila mlango, kwa kuwa maji hupita kando ya kioo hata raba ikiwa mpya, na yakikosa pa kutokea mlango huoza kuanzia ndani. Nne, ukiona ufa, usiseme inshallah kama nilivyosema mimi. Sema inshallah, kisha utoke uende dukani siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia. Gari haivuji tena, na warithi wameamua wenyewe, pasi na kushurutishwa, kwamba isiuzwe maadamu Bi Mkubwa yu hai. Jana jioni tulimpandisha, tukampeleka Matrah mpaka ufukweni. Alikaa kiti chake cha mbele, akapandisha kioo kwa mkono wake, akasema, "Kimya. Zamani ilikuwa hivi." Kisha akauliza daftari liko wapi. Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa ukweli, nikampa. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema: "Hao walioandikwa, si wengine wako hai? Waulizeni."

Kwa hiyo, ndugu zangu, kwenye meza iliyo karibu na mlango mtaona daftari jipya. Zile kurasa 23 zilizosalimika zimenakiliwa mwanzoni. Baada yake zimeachwa kurasa 39 tupu, kila moja ikingojea mtu wake. Nawaomba kila aliyepokelewa na gari ile, au aliye mtoto wa aliyepokelewa, aandike kabla ya kuondoka: jina, siku kama anaikumbuka, mji aliotoka, na mzigo aliokuja nao. Asiyeikumbuka siku aandike mwaka. Asiyekumbuka mwaka aandike mzigo, kwani huo hausahauliki. Wazee wasioona vizuri, vijana wetu wataandika kwa niaba yao. Na waliotangulia mbele ya haki, waandikiwe na watoto wao.

Mimi nimekwisha kuandika ukurasa wangu. Nilikuja na mkoba wa shule na jozi ya viatu vilivyonibana.

Namwomba Mwenyezi Mungu amrehemu ami yetu na wote waliotutangulia, ampe Bi Mkubwa afya, na atukutanishe tena kwa kheri. Kwa nililokosea naomba radhi, kwa daftari na kwa hotuba.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.